Moshi ya Juu na Moshi ya Chini: Habari za Old Moshi na Majina Yake

Mtu atokaye mjini Moshi kwa barabara ya Himo hufika Kiboriloni baada ya mwendo mfupi. Hapo akiiacha barabara kuu na kushika njia ya kupanda mlima, huingia katika nchi ya migomba na kahawa ambayo katika orodha za serikali huitwa Old Moshi. Upande wa magharibi nchi hiyo imepakana na Mbokomu, na upande wa mashariki imepakana na Kirua. Imegawanywa katika kata mbili, Old Moshi Mashariki na Old Moshi Magharibi, na ndani yake mna vijiji kama Kidia na Tsudunyi. Mgeni asiyejua habari zake aweza kupita toka mwanzo hadi mwisho asione jambo la kumsimamisha: ataona kanisa, shule, nyumba zilizojificha migombani, na mifereji ya maji kando ya njia. Lakini hapa ndipo palipokuwa na Moshi kabla mji wa Moshi haujakuwako. Wasafiri wa karne ya 19 walipoandika kwamba wamefika Moshi, mahali walipopataja ni hapa juu, wala si pale chini penye stesheni ya reli.

Kijiji kilicholipa jina lake jirani, kikabaki na jina lenye kiambata cha kigeni, chastahili kuchunguzwa na mwanahistoria na mwanaisimu kwa pamoja. Majengo ya kale ya Old Moshi ni machache, na hati zake nyingi ziliandikwa na watu waliokuja kuitawala. Kilichobaki kwa wingi ni majina: ya mahali, ya vyeo, ya mifereji na ya watu. Habari zifuatazo zinazieleza alama za nchi hiyo kwa kuyafuata majina hayo, ili ionekane jinsi kila utawala uliopita ulivyoacha neno lake, na jinsi maneno ya wenyeji yenyewe yalivyohamishwa au kugeuzwa maana.

Asili ya jina

Maelezo yanayosikika mara kwa mara juu ya jina la Moshi ni mawili. Wapo wasemao kwamba mji uliitwa hivyo kwa sababu ya moshi wa gari lililokuja kutoka Tanga. Wengine wasema ni moshi wa volkeno, kwa kuwa mji uko chini ya Kibo. Maelezo ya kwanza yanaanguka mara tu yanapowekwa mbele ya tarehe. Reli ilifika mwaka 1911. Lakini mmisionari Mwingereza Charles New alifika Moshi mwaka 1871, miaka 40 kabla ya reli, na habari za safari yake zilichapwa mwaka 1873. Jina haliwezi kuzaliwa na kitu kilicholifuata. Maelezo ya pili ni dhaifu vilevile, kwa maana hakuna kumbukumbu iliyoandikwa ya Kibo kuwaka moto, na jina lenyewe halikuwa la mlima wala la nchi yote iliyo chini yake. Lilikuwa jina la utawala mmoja tu miongoni mwa tawala nyingi za Wachagga.

Tena iko hoja ya sauti. Lahaja ya wenyeji wa Old Moshi huitwa Kimochi, na katika vinywa vyao jina la nchi lina sauti iliyo karibu na *ch* kuliko *sh*. Vitabu vya wasafiri wa kale havikubaliani katika kuliandika, na jambo hilo si la ajabu, kwani kila mmoja alisikia kwa sikio la lugha yake na mara nyingi kwa kinywa cha mkalimani wa pwani. Wajerumani waliandika *Moschi*, na Waingereza wakakaza *Moshi*. Msemaji wa Kiswahili alipolipokea jina katika sura hiyo alilikuta limefanana kabisa na neno alilokuwa nalo, akalifasiri kwa neno hilo. Hivi ndivyo zilivyo ngano nyingi za majina ya mahali: hazielezi jina lilitoka wapi, bali zaeleza ni nani aliyelipokea mwishoni. Mwenye kutaka kushikilia kwamba Mochi ni moshi yampasa kwanza aonyeshe neno la Kimochi lenye maana hiyo na kanuni ya sauti inayoyaunganisha mawili hayo. Mfanano peke yake si ushahidi.

Uangalifu wa namna hiyo wahitajika hata katika majina madogo. Tsudunyi huonekana katika maandishi kwa sura mbili, Tsudunyi na Tsuduni. Sura ya kwanza ina kiambishi cha mahali cha Kichagga, *-nyi*, ambacho ni ndugu wa *-ni* ya Kiswahili. Karani aliyeandika Tsuduni hakukosea tahajia tu. Pasipo kukusudia alitafsiri mwisho wa neno akauacha mwanzo wake.

Makao ya Rindi, aliyeitwa Mandara

Mtawala aliyeifanya Moshi ijulikane mbali ni Mangi Rindi, aliyefariki mwaka 1891. Nyumbani aliitwa Rindi. Watu wa misafara walimwita Mandara, na kwa jina hilo la pili aliingia katika vitabu vya Ulaya. Majina haya mawili ni kipimo kizuri cha hali ya Moshi katika siku zake. Misafara iliyotoka Pangani na Mombasa kutafuta pembe ilipanda mpaka kwake, na yeye alijua thamani ya kuwa mahali ambapo misafara hupumzika na kupata chakula. Wageni waliofika kwake waliandika kwamba alikuwa na jicho moja na kwamba alisema Kiswahili. Shahidi hii ina uzito kwa historia ya lugha. Kabla shule yoyote haijajengwa mlimani, na kabla serikali yoyote ya kigeni haijatoa amri ya kutumia Kiswahili, lugha ya pwani ilikuwa imekwisha kufika barazani kwa Mangi kwa njia ya biashara, nayo ilitumika katika mambo makubwa ya nchi.

Sifa zake hazikuwa njema tu. Charles New aliporudi kwake mara ya pili alinyang'anywa mali, akafa njiani akirudi pwani mwaka 1875. Joseph Thomson alipita Moshi mwaka 1883, na Harry Johnston alikaa huko mwaka 1884. Mwaka 1885 askofu James Hannington alikwenda kutafuta mahali pa misheni ya Kianglikana, na misheni hiyo ikaanza mwaka huohuo.

Mwaka huo wa 1885 ndio uliokuwa mzito kuliko yote. Jenerali Lloyd Mathews, aliyekuwa mkuu wa majeshi ya Sultani wa Unguja, alipanda Kilimanjaro na bendera ya Sayyid Barghash, akapata viapo vya utii kutoka kwa wamangi. Muda mfupi baadaye, mwezi wa Juni, Karl Ludwig Jühlke alifika kwa niaba ya kampuni ya Wajerumani, akatengeneza mkataba na Mandara. Mwaka uliotangulia Johnston alikuwa amekwisha kupata mikataba yake huko Taveta. Mwanahistoria aliyezoea sheria za Ulaya huona hapa mtawala aliyeiuza nchi moja kwa wanunuzi wawili. Lakini karatasi hizo zilitungwa katika lugha ambazo Rindi hakuzisoma, na maneno yake yalimfikia kwa tafsiri. Kupokea bendera ya mgeni katika mazoea ya misafara kuliweza kuwa na maana ya kumpokea mgeni mwenyewe, pamoja na zawadi zake na silaha zake, katika ugomvi na majirani. Na jirani wa kuogopwa alikuwako: Mangi Sina wa Kibosho. Hata hivyo mwisho wa mambo haukuamuliwa Moshi. Mapatano ya Uingereza na Ujerumani ya mwaka 1886 yaliuweka mlima upande wa Wajerumani, na hadithi ipendwayo kwamba mlima ulitolewa zawadi ya siku ya kuzaliwa kati ya wafalme haina msingi.

Mwaka 1889 Rindi alituma wajumbe wake Berlin pamoja na Mjerumani Otto Ehlers, wakachukua pembe za ndovu. Katika masimulizi ya mlima wa Kilimanjaro mwaka huo hukumbukwa zaidi kwa ajili ya Hans Meyer na Ludwig Purtscheller waliofika kileleni. Kwa upande wa Moshi, safari ya wale wajumbe haikuwa jambo dogo kuliko hilo, kwa maana walikuwa Wachagga walioiona nchi ya hao waliodai kuwatawala.

Boma na mti

Rindi alipokufa, mwanawe Meli alishika utawala akiwa bado kijana. Kituo cha Wajerumani wakati huo kilikuwa kimehamishiwa Marangu, kwa Mangi Mareale. Juni 1892 Luteni von Bülow alikwenda Moshi na jeshi lake kupigana na Meli, akashindwa, naye akauawa. Kwa muda wa mwaka mmoja na zaidi Moshi ilikaa bila kutii, na wamisionari Waanglikana wakaiacha. Agosti 1893 Kanali von Schele, Gavana, alikuja na jeshi kubwa, akayashinda makao ya Meli. Baada ya hapo kituo kilirudishwa Moshi, na Kapteni Kurt Johannes akawa mtawala wa mlima kutoka katika boma alilolijenga hapo.

Neno *boma* lastahili kuangaliwa. Katika Kiswahili cha asili ni ukuta au uzio uzungukao makao. Wajerumani walipojenga ngome zao barani, watu waliziita maboma, na baadaye neno likawa na maana ya ofisi ya serikali, hata mahali pasipo na ukuta. Huko Old Moshi maana zote mbili zilikutana katika nchi moja: boma la Mangi lilishindwa, na boma la serikali likasimama katika himaya yake. Mtu aliyeambiwa kwenda bomani baada ya mwaka 1893 alijua kuwa haendi kwa Meli.

Tarehe 2 Machi 1900 Meli alinyongwa pamoja na watu wengine 18. Miongoni mwao walikuwamo Mangi Molelia wa Kibosho na Mangi Ngalami wa Siha, na viongozi wengine kutoka Meru na Arusha. Walishtakiwa kwamba walifanya shauri la kuwashambulia Wajerumani. Mahali pa kifo chake hukumbukwa kwa mti uliopo Tsudunyi, na mahali hapo pamewekwa kumbukumbu yake. Masimulizi ya wenyeji husema kwamba alining'inia saa nyingi kabla ya kukata roho, na kwamba kichwa chake kilikatwa kikapelekwa Ujerumani.

Kwa miaka mingi wasomi walilichukua jambo hili la kichwa kama usemi wa wazee tu. Lakini yajulikana wazi kwamba katika miaka hiyo makumbusho ya Berlin yalikuwa yakiomba mafuvu ya watu kutoka makoloni, na kwamba maafisa waliyapeleka kwa maelfu. Ukoo wa Meli haukuacha kudai. Septemba 2023 taasisi iitwayo Stiftung Preußischer Kulturbesitz, inayosimamia makumbusho ya Berlin, ilitangaza matokeo ya uchunguzi wa mafuvu 1,135 kutoka iliyokuwa Afrika ya Mashariki ya Kijerumani. Machache yaliyokuwa na maandishi ya kutosha yalipimwa vinasaba na kulinganishwa na watu walio hai, na mafuvu 3 yakapatikana kuwa na jamaa zao Kilimanjaro. Mojawapo lilikuwa limeandikwa *Akida*, naye alikuwa mshauri wa Meli. Kichwa cha Meli mwenyewe hakikupatikana katika uchunguzi huo.

Msomaji wa lugha hawezi kulipita neno hilo bila kutua. *Akida* katika Kiswahili ni cheo: mkuu wa askari, na katika serikali ya Wajerumani msimamizi wa wilaya ndogo. Neno lililosafiri na mfupa kwa zaidi ya karne moja ni neno la Kiswahili, liliandikwa kwa wino wa Kijerumani, na ndilo lililosaidia kuuunganisha mfupa huo na watu wake. Nalo limethibitisha pia kwamba masimulizi ya mlimani juu ya vichwa vilivyochukuliwa hayakuwa ngano. Wale waliosimulia walikuwa wakitoa habari.

Kidia na lugha ya nyumbani

Wamisionari Walutheri wa Leipzig walipokea kazi ya Kilimanjaro baada ya Waanglikana kuondoka. Walianza Machame mwaka 1893, wakaenda Mamba mwaka 1894, na mwaka 1896 wakafungua kituo cha Moshi, mahali paitwapo Kidia. Kanisa la Kidia hata leo ndilo alama inayotajwa kwanza na mtu aelekezaye njia ya Old Moshi.

Jina lililoshikamana na Kidia ni la Bruno Gutmann, aliyefika Afrika ya Mashariki mwaka 1902 na kufanya kazi huko, ijapokuwa kwa vipindi, hadi mwaka 1938. Aliondolewa pamoja na Wajerumani wengine mwaka 1920 akarudi baadaye. Alitafsiri Agano Jipya kwa Kimochi, na aliandika vitabu vikubwa juu ya sheria za Wachagga na mafundisho ya jando: kitabu chake cha sheria kilitoka mwaka 1926, na mafundisho yakatoka katika mijalada mitatu kati ya 1932 na 1938. Wanaisimu wamepata humo hazina ya Kimochi cha wazee. Lakini hazina hiyo imefungwa katika Kijerumani, na wajukuu wa watu waliompa habari hawawezi kuifungua.

Gutmann aliamini kwamba injili yapasa isemwe katika lugha ya nyumbani, na kwamba ukoo, ujirani na rika ni nguzo zisizofaa kuvunjwa. Serikali, ya Wajerumani na ya Waingereza baada yao, ilitaka Kiswahili katika shule na ofisi. Shindano hilo lilikuwa la kweli na halikuwa la Kidia peke yake. Kiswahili kilishinda, na hapana shaka faida yake kwa taifa ilikuwa kubwa. Gharama yake huonekana mahali kama Old Moshi, ambapo kijana husoma Kiswahili na Kiingereza shuleni, hutumia Kiswahili mjini, na Kimochi hukibakiza kwa mazungumzo na bibi yake.

Ikumbukwe pia kwamba kuandika habari za mlima hakukuwa kazi ya wageni peke yao. Mwalimu Nathaniel Mtui wa Marangu alijaza madaftari ya historia ya Wachagga katika miaka ya Vita Kuu ya Kwanza na kabla yake kidogo, na Petro Itosi Marealle aliandika kwa Kiswahili kitabu cha maisha na desturi za Mchagga kilichotoka mwaka 1947. Kathleen Stahl alipoandika historia yake ya mwaka 1964 alisimama juu ya kazi za watu kama Mtui, na juu ya masimulizi ya wazee wa kila utawala.

Mfongo, kihamba na kahawa

Alama iliyo ya kale kuliko boma na kanisa haina ukuta. Ni mfongo, yaani mfereji uletao maji kutoka mtoni hadi vihambani, mara nyingine kwa kuzunguka ubavu wa kilima kwa mwendo mrefu. Wageni wa kwanza walistaajabia jinsi watu wasio na chombo cha kupimia walivyoyatembeza maji katika miteremko hiyo bila kuyaacha yaanguke wala yasimame. Mfongo ulikuwa na mwanzilishi, na uzao wake ulikuwa na heshima ya kuusimamia. Kila mwenye kutumia maji alikuwa na zamu yake, na kila mwenye zamu alikuwa na wajibu wa kwenda kuzibua na kutengeneza wakati wa kazi ya wote. Asiyefika alitozwa. Kwa hiyo mfongo ulikuwa mfereji na baraza kwa wakati mmoja, na mifongo mingi imehifadhi jina la mtu au ukoo ulioichimba. Jina lake likipotea, hati pekee ya kazi ile imepotea.

Kihamba ni bustani ya nyumbani: migomba juu, kahawa chini yake, na karibu na nyumba hupandwa viazi vikuu, majani ya ng'ombe na mboga. Mpaka wake huoneshwa na masale, mmea ambao pia hutumika katika kuombana radhi. Mtu aliyekosa akimletea mwenziwe jani la sale, huyo mwenziwe huona vigumu kumkatalia. Ni jambo la kuzingatiwa kwamba mmea mmoja hutenga mashamba na hupatanisha wenye mashamba.

Kahawa iliingia mlimani kwa mikono ya wamisionari Wakatoliki wa Kilema mnamo miaka ya 1890, na baada ya vita Charles Dundas, afisa wa Kiingereza wa wilaya, aliwahimiza Wachagga kuilima. Walowezi hawakupendezwa. Mwaka 1925 wakulima waliunda chama chao, kilichojulikana kwa herufi za Kiingereza KNPA, na rais wake alikuwa Joseph Merinyo, mtu wa Old Moshi. Chama hicho kilisimama kutetea haki ya Mwafrika kulima kahawa, na kikawa mzazi wa KNCU, chama cha ushirika kilichoanzishwa mwaka 1933. Ofisi na ghala za ushirika zilijengwa mjini, penye reli. Kijiji kilitoa kiongozi na kahawa; mji ukapata jumba.

Reli na kushuka kwa jina

Reli ya Usambara ilianza kujengwa Tanga mwaka 1893, ikafika uwanda ulio chini ya mlima mwaka 1911, mwendo wa kilomita 352. Wajerumani hawakuupandisha mstari milimani, waliishusha serikali. Kituo kipya kiliitwa *Neu-Moschi*, na mahali pa kale pakaitwa *Alt-Moschi*. Katika Vita Kuu von Lettow-Vorbeck aliifanya Moshi hiyo mpya kuwa makao yake makuu, na Waingereza wakaiteka mwezi wa Machi 1916. Nao walitafsiri majina neno kwa neno: Moshi Mpya na Moshi ya Kale, kwa Kiingereza.

Hapo ndipo lilipotokea jambo lenye maana kubwa kwa mchunguzi wa majina. Mwanzoni kila upande ulikuwa na kiambata chake, na kwa haki mgeni ndiye aliyepaswa kujitambulisha kwa neno la upya. Baada ya miaka michache mji uliacha neno lake, ukaitwa Moshi tu. Kijiji hakikuweza kuliacha la kwake. Kanuni yake yajulikana katika lugha zote: neno la kupambanua huwekwa juu ya kile ambacho msikilizaji hakitarajii kwanza. Kwa mtu wa mwaka 1900, Moshi bila nyongeza ilikuwa ya juu. Kwa mtu wa mwaka 1930, ilikuwa ya chini. Kati ya miaka hiyo hakuna amri iliyotolewa. Stesheni, soko, benki na mahakama zilifanya kazi hiyo. Mtu wa Kidia asemaye kwamba anashuka Moshi anakiri katika sentensi moja, bila kukusudia, kwamba nyumbani kwao si Moshi tena.

Pwani ina mfano unaofaa kulinganishwa. Jina la Kilwa lilikuwa la kisiwa. Biashara ilipohamia bara likaenda Kivinje, na baadaye likakaa Masoko. Lakini huko kila mahali pamechukua neno lake la kupambanua: Kilwa Kisiwani, Kilwa Kivinje, Kilwa Masoko. Hakuna aliyepewa jina tupu, na maneno yote matatu ni ya Kiswahili. Old Moshi imepata hali ngumu zaidi, kwa kuwa jina tupu limechukuliwa, na neno lililobandikwa mahali pake si la Kimochi wala la Kiswahili. Kiswahili kina uwezo wa kusema Moshi ya Kale au Moshi ya Juu, na hata hivyo katika mabango, barua na orodha za kata neno la Kiingereza limebaki zaidi ya miaka 60 baada ya Uhuru.

Maneno mengine yaliyohama

Moshi si neno pekee lililoondoka. *Mangi* lilikuwa jina la mtawala. Utawala wa Mangi Mkuu, uliopewa Thomas Marealle mwaka 1952, ulikoma mwaka 1960 baada ya kura ya Wachagga wenyewe, na vyeo vya wamangi vikafutwa nchini pote katika miaka ya mwanzo ya Uhuru. Neno halikufa. Leo mtu wa Dar es Salaam amtumaye mtoto dukani aweza kumwambia aende kwa Mangi, naye ana maana ya muuza duka wa mtaani mwenye asili ya Kilimanjaro. Cheo kilichobebwa na Rindi na Meli kimekuwa jina la mwenye sukari na sabuni. Wapo waonao jambo hilo kuwa ni dharau, na wapo waonao kuwa ni mapenzi. Kwa mwanaisimu ni ushahidi kwamba neno likikosa kazi yake ya zamani hutafuta kazi nyingine penye watu wengi.

Jina la Mandara limekwenda upande mwingine. Kibanda cha kwanza cha wapandaji katika njia ya Marangu, kwenye mita zipatazo 2,700, kiliitwa zamani kwa jina la Bismarck, na kile kinachofuata kwa jina la Peters. Baadaye vikaitwa Mandara na Horombo, kwa heshima ya watawala wa mlima. Badiliko hilo lilikuwa jema. Lakini laonyesha pia jinsi kumbukumbu zisivyofuata mipaka ya kale: Mandara wa Moshi anakumbukwa katika njia ya Marangu, na kwa jina aliloitwa na wageni, si kwa jina la Rindi lililotumiwa na watu wake.

Yaliyobaki kufanywa

Katika habari hizi yaonekana kwamba Old Moshi ina tabaka za majina kama udongo ulivyo na tabaka: chini kabisa Kimochi cha mifongo na vihamba, juu yake Kiswahili cha misafara, kisha Kijerumani cha boma na misheni, na mwisho Kiingereza cha orodha za serikali. Tabaka za juu zimeandikwa na kuhifadhiwa katika nyaraka za Dar es Salaam, Leipzig na Berlin. Tabaka ya chini haijaandikwa ipasavyo, nayo ndiyo iliyo hatarini. Vihamba vinagawanywa vipande vidogo kila kizazi, mifongo mingine imekauka au imefanywa mabomba, na wazee wanaoweza kutaja mfongo fulani ulichimbwa na nani, na wapi ukoo fulani ulikaa kabla ya boma kujengwa, wanapungua kila mwaka.

Kazi inayohitajika haidai fedha nyingi. Yahitajika orodha ya majina ya mahali, mfongo kwa mfongo na mtaa kwa mtaa, yaliyoandikwa kwa matamshi ya Kimochi na kwa maelezo ya Kiswahili, pamoja na jina la aliyesimulia iwapo amekubali kutajwa. Yahitajika pia tafsiri ya Kiswahili ya maneno ya wazee yaliyomo katika vitabu vya Gutmann, ili yarudi mahali yalipotoka. Habari ya mafuvu ya Berlin imekwisha kuonyesha thamani ya kazi kama hiyo. Masimulizi yaliyopuuzwa yalikuwa ya kweli, na neno moja lililoandikwa juu ya mfupa lilitosha kuwafikia jamaa walio hai. Majina ya Old Moshi hayajapata hata wino huo mchache. Wakati wa kuyaandika ni sasa, wazee wa Kidia na Tsudunyi wangali wanayatamka.